Oliver Amenifunga

Musanda, 9 Machi 2024

Dada yangu Navalayo, mama wa Protus,

Mulembe. Kama umekaa, endelea kukaa. Kama umesimama, tafuta kiti, maana mimi siandikangi barua fupi. Hapa Musanda tuko, tunapumua, na anayepumua zaidi ya wote ni Khalayi mke wangu, kwa sababu ya kunigombeza. Willis mwanangu bado anapakia miwa kwenye trela. Shingo yake imekuwa nene kama ya fahali, na akili imebaki pale pale ulipoiacha. Yule jogoo uliyeniachia Krismasi nimtunze, tulimla. Usiulize.

Ningekupigia simu kama watu wa siku hizi, lakini masikio yako yalishaenda, na kukupigia wewe ni kuhubiria kisiki. Kwa hivyo hii nampa mtu anayekuja matanga huko Mautuma. Siku watu wetu wakiacha kufa, mimi na wewe hatutajuliana hali tena.

Sasa, nimekuwa mgonjwa. Ilianza na miguu. Umelala vizuri, ghafla kigimbi kinajikunja kama mtu anakamua nguo. Halafu jicho la kushoto likaanza kukonyeza wanawake kanisani bila ruhusa yangu. Halafu siku moja nikaanguka chooni, natetemeka mwili mzima, povu mdomoni, nimeuma ulimi. Wakanikimbiza hospitali kubwa Kakamega, wakanitoa damu, na daktari, msichana anaitwa Cherop, akaniambia magnesiamu imeniisha mwilini. Nikamuuliza, hiyo ni ya betri za redio? Hakucheka. Akasema ni kitu kinachokaa kwenye chakula, na bila hicho mishipa inachanganyikiwa, nyama inakaza, hata moyo unaweza kupiga ovyo ukasimama. Kilichonimalizia ni zile kapsuli za asidi ya tumbo ninazojinunulia dukani na kumeza kila asubuhi miaka na miaka. Kapsuli, pamoja na chang'aa. Chang'aa alirudia kuitaja mara nyingi kuliko inavyostahili.

Wakanitundikia maji ya dawa, nikapona, wakanirudisha nyumbani na vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Kapsuli niache. Nile mrenda, kunde, maharagwe, njugu, mbegu za malenge, ndizi, na ugali wa unga wa kusiaga, si huu mweupe wa pakiti. Nirudi wapime damu tena. Khalayi, ambaye kwa ulimi wake kula ni kura, siku nzima ni "kura mboga, kura mboga". Namwambia kura nilishapiga mwaka juzi na sijaona faida. Vidonge viko juu ya kabati. Viko salama sana.

Kuna kichekesho nikuambie kabla ya kufunga. Unamkumbuka Oliver, jirani yangu mjane, yule mkimya wa mbuzi? Tunachezanga drafti kwa kibanda cha fundi wa baiskeli. Juma lililopita alinila vibaya. Nilikuwa nimekasirika, nimeinua mkono kumtukana, na mkono ukajikaza: vidole vikajikusanya pamoja kama mdomo wa bata, havifunguki. Watu wakaja mbio. "Mzee Were, nini hii? Nani amekufanya hivi?" Mimi akili yangu ilikuwa kwa mchezo, nikasema, "Oliver amenifunga."

Basi! Mimi nasema kufungwa kwa drafti, wao wanasikia kufungwa kwa uchawi. Tangu siku hiyo nyumba ya Oliver inapigwa mawe kwa bati. Anatoka nje na sufuria kichwani. Ungemwona!

Ni mimi mdogo wako, mzuri kuliko wewe,
Were

*

Mautuma, 2 Aprili 2024

Were,

Salamu zako zimefika na jogoo wangu nimemlilia. Huku tumepanda mahindi, mvua imeanza. Protus anakusalimu. Ng'ombe wangu Mitchel amezaa ndama jike.

Barua yako nimeisoma nikarudia. Huo ugonjwa wako naujua kwa ng'ombe. Mwaka jana Mitchel alikula majani machanga ya mvua mpaka akaanza kuyumba, akaanguka, akapiga teke hewani, macho yamegeuka. Mtu wa mifugo alimdunga dawa ya hiyo magnesiamu akasimama. Kwa hivyo usifikiri umeugua kitu cha ajabu. Umeugua cha Mitchel. Tofauti ni kwamba Mitchel anakula anachopewa.

Vidonge havikai kwa kabati. Kula kwanza, halafu kimeze. Usiongeze, usipunguze. Kama tumbo linakuendesha, rudi kwa huyo msichana umwambie. Na moyo ukianza kwenda mbio usilale ukisema kutapambazuka.

Sasa kile ulichokiita kichekesho. Were, mimi sikucheka. Leo wanarusha mawe, kesho watakuwa na kingine mkononi. Simama kanisani, au kwa baraza la chifu, mahali watu wamejaa, useme hivi: Oliver alinifunga drafti. Maneno matatu. Hayo tu. Ukianguka tena kabla hujayasema, hawatakujia wewe. Watamwendea yeye.

Msalimie wifi yangu Khalayi.

Dada yako,
Navalayo

*

Musanda, 28 Aprili 2024

Dada yangu mpenzi, mwenye ng'ombe mwerevu kuliko mimi,

Nimefurahi kuwa mjomba wa ndama. Kama ana sura yangu, msimuuze. Hapa mvua imeshuka yote kwa siku moja, ikabeba choo cha jirani mpaka kwenye miwa. Khalayi amenunua ingokho, kuku wetu wa kienyeji, wengine saba na wamenizoea sana, kwa sababu nikipewa mrenda wao ndio wananisaidia kula, chini ya meza. Wamenona! Ukigusa manyoya yao unaona kabisa magnesiamu iko pale.

Haya. Najua unatafuta nini kwenye barua hii, kwa hivyo nitakupa. Tulikuwa matanga hapa juu, mama mmoja mzee. Watu wengi, ibada inaendelea. Nilikuwa nimeonja kidogo, cha mazishi, si cha kulewa. Nikahisi midomo inawasha, nikajua inakuja. Nikaanguka kati ya viti vya waombolezaji. Khalayi anasema nilipiga jeneza teke. Mimi sikumbuki, lakini kama nilipiga namwomba marehemu radhi.

Nilipoamka niliwakuta akina mama peke yao. Vijana wote walikuwa wameondoka. Willis na wapakiaji wenzake walikwenda kwa Oliver mchana ule ule, wakamkuta anafunga mbuzi. Walimpiga kwa ubapa wa mapanga ya miwa, mgongo na mapaja, wakimwambia "Fungua mzee! Fungua mzee!" Yeye anauliza, "Nifungue nini?" Mmoja akageuza panga upande wa makali. Sikio la kulia lilitoka. Lilining'inia kwa ngozi, na yeye mwenyewe akalimalizia kwa kisu chake, akalifunga kwa kitambaa, akaenda kwa miguu kushonwa, maana hakuna mwenye boda boda aliyekubali kumbeba.

Nilikwenda kumwona. Nilimbebea ndizi. Akaniambia, "Were, si uwaambie tu." Nikamwambia nitawaambia. Halafu tukacheza mmoja, na hapo napo akanifunga.

Kwa chifu kulikuwa na baraza Jumanne. Nilikwenda. Kulikuwa na jua kali.

Mahindi yako yakitoka, nitumie picha kwa simu ya Protus.

Were

*

Mautuma, 19 Mei 2024

Were,

Sisi wazima.

Umeniandikia mimi habari ya sikio. Mimi. Nakumbuka sikuwahi kukuambia vile baba Protus alivyonimalizia haya masikio yangu, na wewe hukuwahi kuuliza, na sasa amelala kaburini na bado sitakuambia. Lakini najua ngumi moja inachukua nini, na najua mpigaji akishapiga mara ya kwanza akaona mbingu haijaanguka, anakuwaje.

Kulikuwa na jua kali kwa baraza. Je, ulisema au hukusema?

Nitakujibia. Hukusema. Na najua sababu, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea mgongoni. Umejisifu kwa nchi nzima kwamba hakuna mtu kati ya Musanda na Mumias aliyewahi kukufunga drafti. Ukisimama useme Oliver alikufunga, watakucheka. Kwa hivyo kicheko kimekuwa kizito kwako kuliko sikio la mtu.

Kila kidonge unachoacha kwa kabati ni jiwe unampa Willis mkononi. Kila mboga unayorushia kuku, hivyo hivyo. Wewe ukianguka, Oliver anapigwa. Sijui niseme vipi tena ili uelewe.

Mlete Oliver kwangu. Nina kazi ya kukamua na nyumba ya nyuma ni tupu. Mlete mchana, watu wakiona, na mbuzi wake.

Navalayo

*

Musanda, 23 Juni 2024

Dada,

Nakusalimu. Khalayi hajambo kidogo.

Barua yako ilinifikia Jumapili moja, nikaisoma nyuma ya nyumba. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikasema leo nitamaliza huu ugonjwa mara moja, ili nikienda kusema niseme nikiwa nimenyooka. Nilishusha vidonge kwa kabati. Nikapiga hesabu ya vyote nilivyokuwa nimeviruka, nikaona ni deni, nikameza konzi nzima na chai, tumbo tupu.

Usinitukane, najua. Tumbo lilifunguka siku tatu. Khalayi akasema twende hospitali, chote ulichokula kimetoka na cha zamani nacho kimetoka. Nikasema kesho. Akasema, "Were, midomo yako inaruka." Nikasema kesho.

Siku ya nne nikaanguka uani, mchana. Willis alikuwepo. Hakunishika. Aliniangalia tu mpaka nikatulia, halafu akatoka na panga, na nikasikia anapiga mluzi barabarani, ule wa kuitana wapakiaji.

Nikamwambia Khalayi nishike mkono twende. Tulipofika kwa Oliver, walikuwa wamemkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nje. Mbuzi wote walikuwa wamekatwa shingo. Tairi lilikuwa limeegemezwa ukutani na kijana mmoja alikuwa na petroli ya boda boda kwa chupa ya soda. Watu wengi, dada. Hata waimba kwaya.

Nikapaza sauti. Nikasema, "Sikilizeni nyinyi! Oliver hakuniloga. Alinifunga drafti! Nilisema amenifunga drafti!"

Wakageuka kunitazama. Mmoja akasema, "Wewe mzee? Si unasemanga hujawahi kufungwa?"

"Nilifungwa."

"Ngapi?"

Nikasema, "Mbili."

Na Oliver, pale kwenye kiti, damu inamtoka puani, akainua kichwa. "Sita," akasema. "Were, sema ukweli. Ilikuwa sita bila."

Dada, walicheka. Nakuapia kwa kaburi la mama, walicheka. Yule wa petroli aliweka chupa chini ili acheke vizuri. Mama mmoja akasema, "Sita! Bingwa wa Musanda!" Na mimi nikacheka, na nilikuwa sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Nikasema, haya, imekwisha. Nikanyoosha mkono nimwinue Oliver kwenye kiti tuondoke.

Mkono ukajikaza. Hapo hapo, mbele yao wote. Vidole vikakusanyika, kiganja kikajikunja mpaka kwenye kifundo. Nikajaribu kuuficha nyuma ya koti na haukufichika. Willis akapiga kelele, "Mnaona? Anamfunga hata sasa! Mbele ya macho yetu!"

Hawakutumia tairi. Hawakungoja hiyo. Nilisikia panga la kwanza likiingia, sauti kama unapasua boga. Baadaye yalikuwa mengi. Khalayi alinilalia juu ili wasinikanyage. Kiti walikivunja pia, sijui kiti kilifanya nini.

Aliyeanza sikumwona. Kulikuwa na vumbi.

Tumemzika juzi. Tulikuwa wachache.

Were

*

Mautuma, 14 Julai 2024

Were, mdogo wangu,

Nimelia nawe. Nyumba ya nyuma nilikuwa nimeipaka chokaa.

Lakini nitakuuliza jambo moja. Macho yako yanaona kifuniko cha soda kikisogezwa kwenye ubao wa drafti na mtu aliyekaa upande wa pili wa barabara. Mwezi wa sita mvua inanyesha kila siku huko kwenu. Vumbi lilitoka wapi?

Hujaniambia nani alipiga la kwanza. Ukiniandikia tena, uanze na hilo. Usinianzie na kuku.

Na urudi hospitali. Unaposoma hapa, inuka uende.

Navalayo

*

Musanda, 3 Novemba 2024

Dada yangu,

Ni Willis.

Hilo ndilo nililochelewa nalo miezi yote hii. Niliandika barua nne nikazichana, zote zilianza na hali ya hewa. Alipiga kwa nyuma, kichwani, na Oliver alikuwa ananitazama mimi, bado ana ile sura ya mtu aliyeshinda hoja. Hakuona kinachokuja. Nashukuru kwa hilo, kama ni kitu cha kushukuru.

Nilikwenda hospitali siku niliyopata barua yako. Cherop alinigombeza mpaka wagonjwa wengine wakanihurumia. Wakanitundikia maji ya dawa tena, wakanilaza. Tangu hapo nameza kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikiwa nimeshiba. Kapsuli nilizitupa chooni na chang'aa sinusi. Nakula mrenda, nakula kunde, natafuna mbegu za malenge kama kasuku. Kuku wamekonda. Mwezi jana walinipima damu, Cherop akasema imekaa sawa, akanipa mkono wa pongezi. Nilimwomba aje Musanda awaambie watu kwamba ni yeye aliyeniponya. Alifikiri natania. Dada, siku hizi kila mtu anafikiri natania.

Maana unajua walikuwa wanasema nini? Nikipita kwa fundi wa baiskeli wananiita: "Mzee Were! Umenawiri! Unaona? Tangu yule aende hujaanguka hata siku moja." Wananishika mkono, wanakunjua vidole vyangu, wanaonyesha watoto. "Tazama, vimefunguka." Nawaambia ni vidonge. Wananikonyeza. Mzee mmoja wa kanisa alimshukuru Willis mbele yangu kwa kuniokoa, na Willis akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama aliyetoa sadaka. Kila nikizidi kupona, Oliver anazidi kuwa mchawi. Nilifikiria kuacha vidonge nianguke tena, waone walimuua bure. Khalayi akaniambia, "Ukianguka watatafuta mwingine. Na mimi ndiye ninayekupikia." Nikaelewa.

Basi nilikwenda polisi. Sikutumwa. Nilikaa kwenye benchi, nikasema kila kitu, nikaanza na drafti, sita bila, yule askari akaandika. Wakaja kumchukua Willis shambani akiwa juu ya trela. Yuko rumande Kakamega. Kesi inaanza kusikizwa Februari na shahidi ni mimi. Wale wengine wote walikuwa na macho yenye vumbi.

Tangu achukuliwe, hapa hakuna anayenisalimu tena. Ukuta wangu umepakwa kinyesi mara mbili. Jiwe liliingia dirishani likapita karibu na sikio la Khalayi. Sijali sana. Ninachoogopa ni kizimba. Naogopa nisimame pale, wakili wake aseme huyu mzee ni mgonjwa, anatetemeka, anaanguka, anaona visivyokuwepo. Kwa hivyo nakula. Kila siku nakula ili Februari nisimame, na sauti itoke, na jaji akiniuliza ni nani, niseme jina la mwanangu mara moja bila kuyumba.

Sikumficha Khalayi. Nilimwambia najijengea nguvu za kumtaja mwanetu kizimbani. Aliosha mikono, akatoka. Nikasema sasa nitajipikia. Lakini jioni alirudi kutoka shambani na mrenda kwenye shuka, akakaa jikoni anachambua jani moja moja, machozi yanamdondokea kwenye ungo na hayafuti. Aliuweka mezani na ugali wa kusiaga. Hakuutia chumvi.

Nilikula hivyo hivyo, nikamaliza sahani. Akanisogezea kidonge.

Were